Tulijiandaa kwa baridi, kumbe mwenye nchi ni upepo: kisa cha familia yetu Vík, Aisilandi

Siku tatu kabla ya safari, sebule yetu hapa Leicester iligeuka ghala la nguo. Soksi za sufu jozi kumi na mbili, fulana za kubana za kuvaa ndani, makoti yasiyopitisha maji, kofia za kufunika masikio, glavu za watoto zilizoungwa kwa kamba ili zisipotee. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Pangani, alikaa kwenye kochi akizikunja moja moja na kuuliza hii ya nani, hii ya nani. Kila tuliyemuaga alituonya kuhusu baridi. Tukajiandaa kwa baridi, na baridi haikutufanya kitu. Siku ya tatu ya safari, kipimajoto cha gari kikisoma nyuzi 3 juu ya sifuri, tulikwama katika kijiji cha Vík na mlango wa gari uliopinda. Barabara zilikuwa zimefungwa mashariki na magharibi, na dawa za presha za mama mkwe, ambaye namwita mama, zilikuwa kilomita 80 nyuma yetu.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu najua familia nyingi za Waswahili walioko Uingereza na nchi jirani wanaitazama Aisilandi kama mahali pa kuwapeleka watoto likizo ya nusu muhula. Ni saa tatu hivi kwa ndege, na watoto hurudi na mengi ya kusimulia shuleni. Mimi ndiye niliyepanga safari, nikakesha nayo, nikalipia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya makosa nitakayoyataja ni yangu.

Tulikuwa nani, na tulipanga nini

Tulikuwa watu watano: mimi na baba watoto, kijana wetu wa miaka 11, binti yetu wa miaka 6, na mama, mwenye miaka 68 na presha inayotulia akinywa kidonge kila jioni. Ilikuwa katikati ya Februari, na tulikuwa na usiku tano. Tulikodi nyumba ndogo ya mbao nje ya mji wa Hvolsvöllur, upande wa kusini, na gari la magurudumu manne lenye tairi za misumari, ambazo nchi hiyo inaziruhusu majira ya baridi.

Kwanza neno la viza, maana kuna watu hukwamia hapo. Viza ya Uingereza haikuingizi Aisilandi. Nchi hiyo haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya lazima awe na viza ya Schengen mkononi. Mama aliiomba akiwa bado nyumbani, kabla hajapanda ndege ya kuja kwetu. Nashukuru kwamba hilo angalau nililifikiria mapema.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Siku ya kwanza tufike na kulala. Siku ya pili tuzunguke Þingvellir, Geysir na Gullfoss. Siku ya tatu twende hadi ziwa la barafu la Jökulsárlón na kurudi siku hiyohiyo. Siku ya nne tupumzike, kisha tumalizie Reykjavík. Kutoka kwenye nyumba yetu hadi Jökulsárlón ni kilomita 270 kasoro kidogo. Kwenda na kurudi zinakuwa zaidi ya 500, na katikati ya Februari jua linachomoza saa 3:30 asubuhi na kuzama kabla ya saa 12 jioni. Nilikuwa naziona tarakimu hizo zote kwenye karatasi yangu. Nilijiambia kwamba Dar hadi Tanga watu wanakwenda na kurudi siku moja, sembuse barabara ya lami isiyo na foleni.

Siku mbili za raha

Ningependa msomaji ajue kwamba safari haikuwa ya taabu tangu mwanzo. Þingvellir, mahali ambapo bunge la Waaisilandi lilianza kukutana mwaka 930, unatembea ndani ya ufa. Ukuta wa mwamba uko kushoto, mwingine kulia, na chini yako ardhi inaachana kwa takriban sentimita 2 kila mwaka, bamba (pande kubwa la ganda la dunia) la Amerika ya Kaskazini likivuta huku na la Ulaya na Asia likivuta kule. Kijana wetu aliuliza kama huu ndio undugu wa Bonde la Ufa la kwetu. Nikamwambia ndiyo, kazi ni ileile. Ndiyo maana Wakenya wengi wanaofanya kazi kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini ya Olkaria walipelekwa kusomea fani hiyo Aisilandi. Kule, nyumba karibu tisa kati ya kumi zinapata joto kutoka kwenye maji moto ya ardhini. Ukifungua bomba la moto bafuni unasikia harufu ya yai. Mama alirudisha mkono nyuma akadhani maji yameharibika.

Jioni ya siku ya pili tulikwenda kwenye bwawa la kuogelea la mji. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hakuna aliyetuambia na wenzetu wengi wanashtukizwa. Mabwawa ya kule yako nje, maji yametoka ardhini yakiwa moto, na dawa ya kuulia vijidudu hutiwa kidogo sana. Kwa sababu hiyo sheria yao ni kali: kabla ya kuingia, kila mtu anaoga kwa sabuni bila nguo yoyote, hata ya kuogelea. Wanawake wana chumba chao, wanaume chao, lakini ndani ya chumba hicho mara nyingi ni wazi, watu wanaoga pamoja. Ukutani kuna picha ya mwili wa binadamu iliyotiwa rangi sehemu zinazotakiwa kusuguliwa. Mama aliitazama picha ile, akanitazama mimi, akajifunga vizuri khanga yake. Nilikwenda kwa mhudumu, dada wa makamo, nikamweleza kwamba dini na malezi yetu hayaturuhusu. Bila kuuliza swali alitupeleka kwenye chumba kidogo chenye bafu na mlango wa kufunga. Mabwawa kadhaa wanavyo vyumba hivyo, ila ni lazima uombe. Mama hakuingia majini. Alikaa pembeni na koti lake, miguu ndani ya maji ya moto hadi magotini, theluji nyembamba ikimwangukia kwenye mtandio, akiwatazama wajukuu. Alisema hajapata kustareheka vile tangu afike Ulaya.

Kwa chakula, neno moja tu: soseji za kwenye vibanda, ambazo kila mtu atakuambia uzionje, pamoja na nyama ya kondoo na ng'ombe huwa zina nguruwe. Samaki wao ni mzuri mno, na hatukuhitaji kingine.

Asubuhi ya siku ya tatu

Mama aliamka alfajiri kuswali, kisha akafungua mlango wa nyumba akasimama kizingitini. Mume wake, marehemu baba mkwe wangu, alikuwa nahodha wa jahazi kati ya Pangani, Unguja na Pemba. Mama hakusafiri naye, lakini alimngoja pwani miaka zaidi ya thelathini, na mtu anayengoja chombo huujua upepo kama anayekiendesha. Alisikiliza kwa muda, akafunga mlango, akaniambia:

"Mwanangu, upepo huu hauvumi, unarusha. Unapumzika, halafu unarusha. Kwetu nahodha akiuona hivi haondoi chombo."

Nilimjibu kwa adabu: "Mama, hatuendi baharini. Tunakwenda kwa gari."

Akasema: "Haya mwanangu, ninyi ndio wenyeji."

Neno hilo linanirudia kila nikikumbuka. Hatukuwa wenyeji. Tulikuwa na siku mbili nchini. Yeye aliuona upepo ukiwa upepo, mimi niliuona ukiwa tarakimu kwenye simu, na tarakimu yenyewe niliisoma vibaya.

Hapa ndipo kiini cha kisa. Ukurasa wa idara ya hali ya hewa ya Aisilandi ulionyesha 16 kwa asubuhi hiyo na 24 kwa alasiri. Uingereza nimezoea kuona upepo kwa maili kwa saa. Nikasoma 16, nikasema moyoni hata Leicester huwa inazidi. Nikasoma 24, nikasema ni upepo wa kuvaa kofia. Kumbe kule upepo unapimwa kwa mita kwa sekunde. Ili upate kilomita kwa saa unazidisha kwa 3.6. Kwa hiyo 16 ni karibu kilomita 58 kwa saa, na 24 ni zaidi ya 86. Tena hizo ni wastani wa dakika kumi. Mkupuo mmoja, ule ambao mama aliuita kurusha, unaweza kuzidi wastani kwa nusu yake au zaidi, hasa chini ya milima ambako upepo unabanwa kisha unaporomoka kwa ghafla. Na barabara yetu ilipita chini ya milima ya Eyjafjöll, mahali ambapo madereva wa nchi hiyo wenyewe wanapaogopa kwa jambo hilohilo.

Palikuwa na tahadhari ya rangi pia. Wana tatu: njano, chungwa, nyekundu. Yetu ilikuwa ya njano asubuhi, na chungwa kuanzia saa 9 alasiri, kusini na kusini-mashariki. Niliiona. Nikahesabu kwamba saa 9 tutakuwa tumeshafika ziwani na kupiga picha. Sikujiuliza tutarudi kwa njia gani.

Kulikuwa na jingine lililonisukuma, nalo ni pesa. Nilikuwa nimeshalipia baba watoto na kijana wetu matembezi ya kuongozwa juu ya barafuto, yaani mto wa barafu, saa 8 mchana, tena kwa bei ambayo haikuwa ndogo. Niliamini tusipofika zimepotea. Jioni ya siku hiyo nilipata ujumbe kwamba matembezi yamefutwa kwa ajili ya upepo na pesa zetu zinarudishwa. Mwongozaji mwenyewe hakuwa ametoka nyumbani.

Kutoka Hvolsvöllur hadi Vík

Tuliondoka saa 2:10 asubuhi, giza bado. Baada ya nusu saa tulipita ubao wa taa kando ya barabara. Uliandika 19 na mshale, na chini yake kwa herufi nyekundu 31. Baba watoto aliuliza 31 ni nini. Nikamwambia labda ni namba ya barabara. Ilikuwa nguvu ya mikupuo: karibu kilomita 112 kwa saa. Gari lilikuwa linasogea upande kidogo, kisha linarudi, na yeye alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili bila kusema neno.

Mkono wa kushoto, ndani ya mawingu, ulikuwapo mlima wa volkano wa Eyjafjallajökull. Mama anaufahamu mlima huo bila kujua jina lake. Aprili 2010, majivu yake yalipofunga anga ya Ulaya kwa takriban wiki, maua na mboga za Kenya zilioza kwa kukosa ndege, vibarua wa mashamba ya Naivasha wakarudishwa nyumbani. Nilipomwambia kwamba ni mlima huu hapa, alisema "Subhanallah" na kuendelea na tasbihi yake.

Skógafoss ni maporomoko ya mita 60, na siku hiyo maji hayakuwa yanaanguka wima. Upepo uliyachukua katikati na kuyapeleka kando kama pazia la dirisha lililoachwa wazi. Watoto walicheka. Mimi nilipiga picha. Tulikuwa sisi watano tu kwenye maegesho makubwa, na hilo nalo sikulisoma.

Pwani ya Reynisfjara ndiyo sehemu moja ya siku ile tuliyofanya sawasawa, na nataka kuieleza vizuri kwa kuwa watu wamekufa pale, watoto na wakubwa. Ni ufuo wa mchanga na kokoto nyeusi, wenye nguzo za mwamba zilizopangika kama mabomba ya kinanda. Kusini mwake hakuna nchi kavu mpaka Antaktika, na sakafu ya bahari inashuka ghafla karibu na ufuo. Mawimbi kadhaa yanakuja madogo, kisha bila kutarajiwa moja linapanda mita nyingi zaidi na kukuvuta ukiwa umeligeuzia mgongo. Tangu 2022 pana taa ya onyo juu ya njia ya kushukia. Siku hiyo ilikuwa nyekundu. Kijana wetu alitaka sana kugusa zile nguzo, akalia kwa hasira. Baba yake akamwambia hatushuki, na hatukushuka. Baada ya dakika chache wimbi lilipita juu ya mahali hasa alipotaka kusimama. Aliliona mwenyewe.

Saa 5:40 tuliingia Vík. Tukajaza mafuta. Risiti ninayo, imeandikwa saa 5:52 kwa saa zetu. Baba watoto aliegesha gari mbele ya duka, kisogo cha gari kikielekea upepo unakotoka. Kijana wetu, nyuma kushoto, alivuta kishikizo cha mlango kama anavyokivuta kila siku ya maisha yake.

Sauti yake ilikuwa kama ubao mnene unaovunjwa gotini. Mlango ulimtoka mkononi, ukafunguka mpaka mwisho wake na kupita mwisho huo, ukabamiza ubavu wa gari. Mtoto mwenyewe alivutwa nje akaangukia magoti. Alikuwa mzima, kiganja kimechunika tu. Lakini bawaba ilikuwa imepinda, na mlango haukufunga tena. Ulibaki wazi kiasi cha kupitisha ngumi, upepo unapiga mluzi ndani ya gari, binti yetu analia.

Wenyeji wanaegesha gari pua ikiutazama upepo, wanafungua mlango mmoja kwa wakati, na mkono mmoja unashika mlango kabla mwingine haujagusa kishikizo. Mzazi ndiye anayeshuka kwanza na kumfungulia mtoto kwa nje. Hayo tulifundishwa na mwanamke wa kikosi cha uokoaji aliyekuja kutusaidia, koti lake jekundu limelowa. Wale ni watu wa kujitolea nchi nzima. Wana kazi zao nyingine, na sehemu ya gharama zao wanaipata kwa kuuza fataki za mwaka mpya. Alijaribu kuusukuma mlango kwa bega, ukakataa. Mama akavua khanga aliyojitanda juu ya koti, wakaipitisha kwenye kishikizo cha ndani na nguzo ya kiti cha mbele, wakakaza fundo, mlango ukakaribia.

Mabishano ya dakika ishirini

Tulipofungua ramani ya barabara kwenye simu, mashariki ya Vík ilikuwa imeshageuka nyekundu, imefungwa. Magharibi, tulikotoka, palikuwa bado wazi. Baba watoto alisema twende sasa hivi. Kilomita 80 tu, saa moja tuko nyumbani, dawa za mama ziko kule, chakula kiko kule. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Kubaki kulikuwa na gharama yake: hatukuwa na chumba, nyumba za wageni zilikuwa zinajaa mbele ya macho yetu, na mgonjwa wa presha asikose kidonge.

Upande wangu nilikuwa na mambo mawili. Mlango uliofungwa kwa khanga, mtoto ameketi kando yake. Na ile 31, ambayo sasa nilijua maana yake, na ambayo ilikuwa ya asubuhi, kabla upepo haujakua. Nilimuuliza yule mwanamke wa uokoaji kama angepita. Hakunijibu moja kwa moja. Alituonyesha malori manne makubwa yaliyopangana nyuma ya kituo cha mafuta, madereva wamelala ndani.

Mume wangu bado alikuwa na ufunguo mkononi. Mama ndiye aliyemaliza maneno. Alimwambia mwanawe, taratibu: "Baba, mimi gari hilo sipandi, na wajukuu hawapandi."

Saa 7:20 mchana, magharibi nako pakafungwa.

Usiku ule tulilala kwenye ukumbi wa kijiji pamoja na wasafiri wengine waliokwama, kwenye magodoro, na mablanketi ya kijivu. Walileta supu ya kondoo. Tuliposema kwamba nyama hatutakula, wakatuletea samaki, viazi na mkate mweusi. Watoto walicheza na watoto wengine ambao hawakuwa na lugha moja nao. Kibla kutoka pale ni mashariki, kusini kidogo. Mama alituswalisha mimi na binti kwenye kona, kwa mkeka uliokuwa pazia la jukwaa. Muuguzi wa kituo cha afya cha kijiji alikuja kumpima presha mara mbili, jioni na usiku. Ilipanda lakini haikuvuka mpaka aliouogopa, na akatueleza dalili za kumwamshia. Sikulala.

Dirisha la ukumbi lilikuwa linaonyesha kanisa dogo la paa jekundu juu ya kilima. Mzee mmoja wa pale alituambia kwamba Katla, volkano iliyo chini ya barafuto la Mýrdalsjökull nyuma ya kijiji, ikilipuka, watu wote wanapanda kule. Moto wenyewe sio wanaoukimbia. Moto ukiyeyusha barafu, maji yanashuka kwa mafuriko yanayobeba mawe na vipande vya barafu ukubwa wa nyumba. Mara ya mwisho kulipuka kwa nguvu ilikuwa 1918. Kabla ya safari, ndugu zangu wote walioniuliza kuhusu hatari waliuliza volkano, kwa sababu ya habari za Grindavík, mji wa watu karibu 3,800 uliohamishwa usiku wa tarehe 10 Novemba 2023. Swali lao lilikuwa la haki. Lakini volkano nchi ile inalindwa na watu wanaopima kila mtikisiko, na ikitaka kuamka mgeni anaambiwa aondoke. Upepo unaachwa mikononi mwako. Unapewa tarakimu na rangi, uamuzi ni wako.

Nikikitazama kisa sasa

Watu niliowasimulia wanasema tulikuwa na bahati mbaya. Sikubali. Dhoruba ya Februari kusini mwa Aisilandi si bahati mbaya, ni Februari.

Kosa kubwa lilifanyika Desemba, mezani, nilipokodi nyumba moja kwa usiku zote na kuweka kilomita 500 ndani ya siku ya mwanga wa saa nane na nusu. Mpango wa namna ile haukuwa na nafasi ya kusema "leo hatutoki." Kila kikwazo kilikuwa kitatuangusha: upepo, theluji, mtoto kuumwa tumbo. Kama ningelala usiku mbili upande wa mashariki, siku ya upepo ingekuwa siku ya kukaa ndani na kucheza karata. Na kwa kuwa pesa za matembezi zilikuwa zimeshatoka, nilitafuta sababu za kwenda badala ya kutafuta sababu za kubaki.

Kuhusu kipimo cha upepo, lawama ni yangu, lakini haikuwa yangu peke yangu kukigundua. Baba watoto ni fundi umeme, kuzidisha kwa 3.6 ni mchezo kwake. Ila sikumwonyesha ukurasa ule. Nilimpa majibu tu: "Upepo upo kidogo." Dereva lazima asome mwenyewe.

Na mama. Tulimheshimu kwa maneno, tukamsikiliza kwa masikio, ushauri wake haukubadilisha hata dakika moja ya ratiba. Tungempa chai kitandani, tungembeba mgongoni, lakini kumuamini kwamba anajua kitu katika nchi ya ugenini hatukuweza. Hili ndilo linaloniuma kuliko mlango.

Mlango wenyewe ulitugharimu zaidi ya nauli za ndege za watu watano. Tulikuwa tumenunua bima ya mchanga na majivu, ambayo kampuni za kule zinauza kwa sababu upepo unaobeba mchanga unakwangua rangi ya gari lote. Lakini uharibifu wa mlango uliofunguliwa na upepo ulikuwa umetolewa kwenye bima, mstari wa chini ukurasa wa tatu. Kabla hujatia saini, uliza swali hilo moja kwa maneno hayahaya.

Sasa dawa za mama zinakaa kwenye mkoba wake wa kiunoni, za siku tatu, popote tuendapo, hata sokoni. Mwaka huu tunafikiria kurudi Mei, siku ndefu, vituo viwili vya kulala, na hakuna siku inayozidi kilomita 200.

Jambo moja nililigundua baada ya kurudi Leicester, nikiwa napanga risiti. Mafuta tulilipa saa 5:52. Tulikuwa tumekubaliana hatununui kitu dukani ila maji, kisha tunaendelea mashariki. Tungeondoka Vík kabla ya saa 6. Barabara ya mashariki ilifungwa saa 6:10. Nikachukua ramani nikapima: kwa mwendo wetu, saa 6:10 ingetukuta kilomita 15 au zaidi ndani ya Mýrdalssandur, jangwa la mchanga mweusi lisilo na nyumba wala ukuta wa kujikinga, lango limefungwa nyuma yetu na tahadhari ya chungwa inakuja. Nilimwonyesha baba watoto hesabu ile usiku, watoto wamelala. Aliipitia mara mbili kwa kalamu yake mwenyewe. Mama alikuwa chumba cha pili, anafua khanga yake kwa mkono, kwa sababu grisi ya bawaba ilikuwa imekataa kutoka kwenye mashine.